Kama Shikamoo ni ya Watumwa, Ciao Je?

Kwako Baba Neema, uliyelala mahali kelele zetu hazifiki,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usinishike mkono kuniambia nitulie. Mwanao amenikataza kumfundisha mjukuu wako shikamoo. Umesikia vizuri. Alikuja Jumapili baada ya misa na mumewe Luca, yule Mwitaliano, na mtoto wao Chiara, akala pilau yangu mpaka sahani ikang'aa, halafu akanigeukia na Kiingereza chake kile cha mbio: "Mama, naomba Chiara asiseme tena lile neno. Nimesoma mtandaoni. Maana yake ni nashika miguu yako. Ni salamu ya watumwa."

Barua hii naiacha wazi, yeyote aisome, maana Neema hayuko peke yake. Hapa kwenye jengo letu Rexdale wapo wengi wenye ugonjwa huo. Lakini wewe ndiye ninayetaka kukusemesha, kwa sababu jibu nililompa nililitoa kinywani mwako.

Unakumbuka siku ya mapera? Hatukuwa tumemaliza hata mwaka hapa Toronto. Tuliingia duka moja la Waitalia, barabara ya Islington, nikaona kibao kimeandikwa "pere". Nikapiga ukelele kama niliyeokota dhahabu: "Baba Neema, mapera!" Sikuwa nimetia pera mdomoni tangu Songea. Nikajaza mfuko. Tulipofika nyumbani nikauma moja, nikatema. Mbegu hakuna, harufu hakuna, maji matupu. "Haya mapera yameugua?" nikauliza. Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni na koti lako la baridi hujalivua.

Ndipo ukanieleza. Kilatini kilisema pirum, Waitalia wakasema pera, wakimaanisha peasi, Wareno nao wakawa na la kwao la namna hiyohiyo wakalileta pwani yetu, na sisi tukalipachika kwenye tunda tulilolitaka. "Neno ni lao, tunda ni letu," ulisema. Mimi nikakujibu kwamba basi wao ndio waliokosea tunda, na mpaka leo sijabadili msimamo.

Kilatini chenyewe ulikisoma seminari kabla hujaniona. Ulipenda kuwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekutoa kwenye upadre. Thubutu! Ulikuwa unatafuta sababu, ukanipata. Lakini kile Kilatini hukukiacha, na pale kwenye kiwanda cha biskuti, karibu na uwanja wa ndege, ulipangiwa zamu moja na wazee wa Kitaliano, basi ikawa furaha yako. Wenzako walirudi nyumbani na biskuti zilizovunjika, wewe ulirudi na neno.

Jioni moja ulirudi na testa. Kwao ni kichwa, lakini Kilatini cha kale testa ilikuwa chungu, au kigae. Watu waliitana vyungu kwa utani, utani ukazoeleka, kichwa kikabaki na jina la jikoni. Tangu siku hiyo hukuumwa kichwa tena humu ndani. Uliumwa chungu. Siku nyingine ukaja na mensa. Warumi waliita hivyo meza ya kulia, na meza yetu imetoka kwenye ukoo huohuo kwa mkono wa Wareno. Waitalia wa leo wakisema mensa wana maana ya mahali wafanyakazi wanapokula chakula kiwandani. "Wao wameipeleka kazini," ulisema, "sisi tumeiweka sebuleni na kitambaa juu." Ulilisema hilo kwa maringo kana kwamba meza umeichonga mwenyewe.

Na Chiara alipozaliwa, Neema akaogopa kwamba hutalipenda jina. Ulimpokea mtoto, ukamtazama, ukasema, "Kwa Kilatini ni Clara. Angavu." Ukalia mbele ya watu wote. Sijasahau.

Sasa turudi Jumapili. Unadhani nilinyamaza? Nikaweka kijiko chini.

"Neema, mumeo akiingia mlangoni anakwambiaje?"

"Ciao."

"Na mtoto anamjibuje?"

"Ciao. Mama, hiyo inahusu nini?"

Nikamwambia inahusu sana. Nikamweleza ulivyonieleza wewe tukisubiri basi la barabara ya Kipling, yule mzee mwenzako wa zamu alipotupungia mkono na ciao yake. Kwamba neno hilo limetoka Venisi, na watu wa kule walikuwa wakiagana kwa kusema mimi ni mtumwa wako. Schiavo ndiyo mtumwa kwa Kitaliano, na nyuma yake kuna sclavus, Kilatini cha zama za kati. Wakalitafuna lile neno mpaka likabaki ciao. "Sisi tumeshika miguu tu," uliniambia siku ile, "wao wamejitoa wazima wazima."

Luca aliacha kula. Aliapa kwamba hajawahi kulisikia jambo hilo, akaingia kwenye simu yake, akasoma, akacheka. "Ni kweli, Mama," akasema. Neema hakucheka.

"Ni tofauti," alisema. "Wao wamesahau maana yake."

"Na nani aliyekwambia sisi tunaikumbuka? Mimi nikimwamkia mtu namwona mzee wangu, simwoni bwana mwenye mjeledi. Ciao ikisemwa mnanusa kahawa, shikamoo ikisemwa mnasikia minyororo. Kwa nini? Masikio hayo mmeyanunua wapi? Mkataa kwao ni mtumwa, Neema. Mtumwa ndiye huyo, si anayeamkia."

Nilikuwa nimewaka, Baba Neema. Lakini mwanao alinijibu taratibu, na kwa Kiswahili. Akasema mwaka ule tulipofika, siku ya kwanza shuleni, mwalimu alipoingia darasani yeye peke yake alisimama, akasema kwa sauti, "Shikamoo, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Kwa wiki nzima walimfuata uwanjani wakimwita Moo, kama ng'ombe. Hakutuambia, si wewe wala mimi. Alituamkia nyumbani kila asubuhi na huko nje hakulisema tena.

Iliniuma, sitakuficha. Nilitaka kumbeba kama alivyokuwa siku ile, na viatu vyake vikubwa vya mtumba. Lakini sikurudi nyuma. Nilimwambia, "Waliokucheka ndio wa kuona haya. Usimkatie mtoto wako ulimi kwa ajili yao." Akainuka, akamvalisha Chiara koti. Tukatoka hadi kwenye lifti.

Mlango wa lifti ulipofunguka, Chiara akanipungia mkono. "Ciao, Bibi!"

Nikamwitikia kwa sauti, ghorofa nzima ikasikia: "Marahaba, mwanangu!"

Luca alijikohoza. Neema alinitazama, macho makavu, mlango ukajifunga. Nikarudi ndani nikaosha vyombo, nikisema moyoni kwamba huenda nimempoteza mtoto na mjukuu kwa pamoja.

Jana amenipigia simu, amefura. Kumbe Chiara amelikamata. Amepelekwa kwa bibi yake wa Kitaliano, mama yake Luca, mwanamke mtu mzima mwenye mvi zake. Yule mama akamwambia ciao, na mtoto wa miaka minne akamjibu, "Marahaba." Akija shangazi, ciao, "Marahaba." Akija jirani, marahaba. Wazee wote wa nyumba ile wanamwamkia mtoto, na mtoto anawapokea kama chifu! Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Si jambo la kucheka, Mama. Anaitikia wakubwa. Ni utovu wa adabu."

Umeisikia hiyo, Baba Neema? Mwanao, aliyetaka kuizika shikamoo, ameona aibu kwa sababu ya marahaba. Nikamwambia, "Basi mfundishe anayeanza ni nani. Mtoto hawezi kujua kuitikia kama hajui kuamkia."

 Kisha nikasikia simu inawekwa mezani bila kukatwa, na sauti yake, ya mbali kidogo, inaita: "Chiara, njoo hapa. Sikiliza. Bibi ni mkubwa kwako, kwa hiyo wewe ndiye unayesema kwanza."

Pumzika, mume wangu. Huku ninapigana, na sijachoka.

Wako uliyemwacha na maneno yako yote,
Mama Neema