Vidonge Ambavyo Mama Hakumeza

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, na Mama anaendelea vizuri. La Mama nimelitanguliza makusudi, usije ukasoma yanayofuata roho juu.

Wiki tatu zilizopita alizidiwa akiwa kwenye cherehani, anapinda mapazia ya mteja. Nilimkuta anahema, moyo unakwenda mbio, unasita, unakwenda tena. Shemeji yako alimbeba mgongoni ngazi zote hadi chini.

Hospitalini waliuliza kama anameza dawa yake ya mapigo ya moyo. Nikafungua mkoba wake, nikakuta vidonge vya mwezi mzima havijaguswa.

Tulipobaki wawili ndipo aliposema, "Dada yangu alikufa kwa saratani ya kongosho, nikamwuguza kwa mikono hii. Kuliko kufa vile, heri moyo uniondoe mara moja."

Ndiyo, Kaka, ni ile habari uliyomtumia kwenye simu, ya utafiti unaohusisha dawa hiyo na uvimbe wa kongosho. Usijilaumu. Ulituma kwa kumjali. Hata mimi niliisoma, nikaogopa kumwuliza ameichukuliaje.

Daktari, mwanamke wa makamo, hakumcheka. Alivuta kiti, akamweleza kwamba watafiti wameona mambo hayo mawili kwa watu walewale, ila hawajajua kama dawa ndiyo chanzo. Kuiacha ghafla ndiko kulikomwangusha. Akaagiza kongosho lipimwe.

Majibu yalichukua siku nne. Mama hakushona hata kifungo.

Kongosho ni safi. Daktari akashauri aendelee na dawa, apimwe kila mwaka, na utafiti ukionyesha vingine watambadilishia. Mama akamtazama.

"Ningekuwa mama yako?"

"Ningekupa. Kisha ningekaa na wasiwasi, kama mwanao huyu."

Mama akaomba maji, akameza.

Msalimie sana wifi yangu na watoto. Shemeji yako anakusalimu. Mgongo bado unamuuma, na kila mgeni lazima aambiwe. Mungu awafunike huko mliko.

Mama hana kinyongo. Anasema tu ukipata tena habari ya kutisha, usiitume. Piga simu umsomee, muogope pamoja.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wenu.