Abiria Mmoja kwa Wiki

Sanduku la Posta 31,
Bungoma.
8 Desemba 1956

Mpendwa Shangazi Nekesa,

Naam, ulisema kweli, na mimi niliyekubishia kurasa tatu nzima ndiye niliyekuwa mjinga. Gari la moshi la kutoka hapa moja kwa moja hadi Kitale halitakuja. Lakini kabla sijaanza kuwasema watu, acha nikuamkie kwanza kama ulivyonifunza.

Hamjambo nyote huko Nakuru? Goti lako limepata nafuu, au baridi bado inalitesa? Bwana Festus bado anakohoa asubuhi? Mimi sijambo, na zaidi ya sijambo. Miezi mitatu imepita tangu harusi, na hata leo nikisikia kengele ya baiskeli barabarani naacha ninachokifanya. Juzi nilimwaga unga wa wimbi wote uwanjani, kumbe ni mwuza samaki anapita. Mama mkwe alitoka kutazama. Alinipa ufagio tu.

Mukhisa wangu ni mzima pia. Niruhusu niandike hilo "wangu", Shangazi, bado ni jipya na nalionja kila nikiliandika. Angali anauza tikiti katika stesheni ya Kitale, nami niko hapa kwa mama yake nikifundisha darasa la tatu, kwa sababu sijapewa jiko langu. Desturi unaijua kuliko mimi: bi arusi hupikia mafiga ya mama mkwe mpaka mwenyewe aamue kumpa yake. Kwa hiyo mume wangu namwona Jumamosi jioni hadi Jumapili baada ya ibada. Anakuja kwa baiskeli, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, anafika mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, na mimi naona hakuna mwanamume aliyewahi kupendeza hivyo.

Ndiyo maana niliiamini ile kamati. Wakubwa watano walikuja hapa mwezi wa Oktoba na ramani ndefu kama sanda, wakasema fedha za kustawisha safari za karibu zimepatikana, na kwamba reli mpya itapita Kamukuywa. Gari moja alfajiri, jingine jioni. Mtu atafanya kazi Kitale na kulala Bungoma. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Mama mkwe naye alifurahi kwa sababu zake. Aliniambia, "Basi mambo yamekwisha. Utakaa kwangu, na mume utampata kila jioni. Mafiga ya nini tena?"

Nikasema ndiyo, Mama. Kwa kinywa changu mwenyewe nilikubali kulingoja gari.

Mkutano huo ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Walitubandikia ukutani picha ya behewa la daraja la tatu: mlango mmoja, na viti viwili virefu vinavyotazamana. Mama Wekoye, yule anayeuza maharagwe Kamukuywa, alisimama na kuuliza, "Na nikimkuta mkwe wangu humo ndani, aliyemwoa binti yangu, tutatazamana magoti hadi Kitale? Ama mimi nitokee dirishani?" Watu walicheka hadi wakashika mbavu, maana nani asiyejua kwamba mama na mkwe wake hawakai pamoja hivyo. Mwenyekiti wao, asiyejua lugha yetu, alitaka kujua tunacheka nini. Karani wao, Bwana Waithaka, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, hakujisumbua kueleza. Alimwambia tu kwamba mama huyu anaomba madirisha makubwa. Ikaandikwa. Niliiona kwa macho yangu ikiandikwa.

Hapo ningewajua. Debe tupu tulilijua tangu utoto kwa mlio wake. Lakini nilikuwa nahesabu jioni, Shangazi, jioni zote za maisha yangu, na mtu anayehesabu jioni hasikii debe.

Baadaye wakasema kabla ya kutoa fedha lazima wajue ni watu wangapi wanaosafiri kati ya Bungoma na Kitale. Swali zuri, hata mwanafunzi wangu angeliuliza. Sasa sikia walivyolijibu. Waliagiza wauza tikiti wa Kitale waandike kwa wiki moja kila abiria anayeshuka kwenye gari akitokea Bungoma. Wewe umeishi na reli miaka mingi, unajua safari hiyo ilivyo. Unapanda hapa, unapita Broderick Falls, unapita Turbo, unashushwa Leseru, unakaa juu ya mzigo wako kungoja gari la Kitale, na ukifika aliyetoka kwa miguu amekwisha kula na kulala. Nani mwenye akili atapanda? Watu wote wa huku hupita barabarani. Siku ya soko daraja la Kamukuywa halina mahali pa kuweka mguu, kwa baiskeli, punda na akina mama wenye matenga ya kuku.

Mukhisa aliliona kosa hilo siku ya kwanza. Aliandika tarakimu kama alivyoagizwa, halafu chini yake akaandika kwa adabu kwamba wasafiri wako barabarani, na kama wakubwa wangependa kuwahesabu wakae darajani asubuhi moja tu. Bwana Waithaka alimrudishia karatasi. "Karani, tulikuomba hesabu, si barua. Andika upya." Akaandika upya. Ana mke, hawezi kufukuzwa kazi kwa ajili ya daraja.

Mwezi uliopita walirudi kutusomea majibu. Ati kwa wiki nzima abiria wa kutoka Bungoma alikuwa mmoja. Mwanamke, bila mizigo. Kwa hiyo wenyeji hawana haja ya reli hiyo, na fedha zitatumika kwa jambo lililoombwa na wananchi wenyewe, yaani kupanua madirisha. Tena si ya daraja la tatu, ni ya daraja la kwanza, ambako Mama Wekoye hajawahi kutia hata unyayo. Walikunja sanda yao wakaenda kunywa chai. Watu watano waliosoma, wakalipwa, wakalala katika nyumba ya wageni, ili watangaze kwamba mto hauna watu wanaouvuka kwa sababu hakuna aliyelowa. Sijui kama niwaonee hasira au haya. Nimechagua kuwadharau, maana hakunichoshi.

Huyo abiria mmoja, Shangazi, alikuwa mimi. Wiki hiyo shule ilifungwa siku mbili nikataka kumshtukiza mume wangu, na nilikuwa nimevaa lile gauni la njano uliloniletea, sikutaka vumbi la barabara. Aliinua macho dirishani akaniona. Alichukua kalamu akaandika moja. Anasema hiyo ndiyo hesabu tamu kuliko zote alizowahi kuandika, na ndiyo iliyotunyima gari. Tulicheka hadi tukalia kidogo.

Kisha ikanibidi nirudi kwa mama mkwe na habari. Niliogopa, kwa kuwa nilikwisha kukubali. Alinisikiliza akichambua mboga, akauliza, "Kwa hiyo gari haliji?" Nikamwambia haliji. "Nami niliingoja kamati kama mtu mwenye akili," akasema. Akainuka, akasukuma sufuria kando, akaling'oa figa moja la moto kwa jembe. "Hili alichukue mwanangu akirudi kazini. Mafiga ya mke hayanunuliwi Kitale."

Jumapili iliyopita Mukhisa alilifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira na kulipeleka. Alisukuma kwa miguu kila mlima, na watu wa darajani wakamwuliza kama Kitale mawe yamekwisha. Kesho Jumapili atachukua la pili, tayari nimelisafisha na kulizungushia gunia. Jumapili ya wiki ijayo la tatu, na siku hiyo nitakaa juu ya fremu mbele yake, jiwe nyuma na mke mbele. Nimepata kazi ya kufundisha katika shule ndogo karibu na Kipsongo, huko huko Kitale, kuanzia Januari. Chumba ni kimoja na bati linavuja. Darasa langu la tatu nimeliaga kwa machozi, lakini nimeliaga.

Nisalimie Bwana Festus, Bramwel na Dinah mdogo, na Mama Kadija jirani yako aliyenisuka siku ya harusi. Baba anakusalimu, na ng'ombe wake mweusi amezaa. Mungu alinde goti lako na kila hatua litakayokupeleka.

Mukhisa amepata pasi ya likizo ya watu wawili. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka hapo Nakuru, unione nilivyonenepa kwa furaha. Ukimwona mtu stesheni na karatasi, mwambie aandike vizuri. Safari hii ni wawili.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Nakhungu wa Mukhisa