Pisha, Mzigo!

Shikamoo mama, kutoka huku kwenye baridi ya Ujerumani. Jana wenzangu wa chuo walinikokota kwenda kwenye sherehe ya maboga. Maboga, mama! Tena ya kutazama tu, ukiuliza yanapikwa wapi wanakucheka. Watu wamejaa kuliko mpakani Tunduma, na kila mmoja amesimama katikati ya njia anapiga picha. Uvumilivu ukaniishia. Nikapaza sauti kama wewe ukivuka mpaka kutoka Nakonde na furushi la vitenge kichwani: “Pisha, mzigo! Mzigo huo!”

Kiswahili hawakijui, lakini walipisha wote. Nikapita mikono mitupu, machozi yakinilengalenga.

Wasalimie wote hapo nyumbani Chapwa. Na hayo mafurushi uyapunguze, mama yangu, mimi sipo hapo kukupokea.

Mwanao, Neema