Mitungi Arobaini ya Buluu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba shemeji na wapwa zangu hawajambo. Mimi afya ninayo, ila roho iliniruka Jumamosi na mpaka sasa haijatulia.

Unajua kazi yangu ni kuandika taarifa za kampuni. Tangu maradhi haya ya kifua yalipoingia, hisa za kila kampuni zinaporomoka, na mkurugenzi wetu haondoi macho kwenye skrini ya bei. Ijumaa tukatangaza kwamba kiwanda chetu cha mabati kinaipa hospitali yenu mitungi arobaini ya oksijeni. Lo! Kufikia saa sita mchana hisa zetu zilikuwa zimepanda, za wenzetu wote ziko chini. Ofisi nzima ilipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Jumamosi nikashuka karakana na mpiga picha. Nikamkuta fundi wa kuchomelea akiipaka mitungi yake ya kuchomelea rangi ya buluu, ananung'unika kwamba wamemkombea yote arobaini iende hospitali. Nikamuuliza kama imejaa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akafungua valvu moja baada ya nyingine. Hata pumzi haikutoka.

Nikapanda ofisini kwa mkurugenzi nikihema. Wala hakushtuka! Akasema taarifa ilitaja mitungi, gesi haikutajwa, na kwamba itajazwa hisa zikishatulia. Halafu akanimiminia chai, akanisifu kwa uandishi. Jamani, mtu anakuwaje na roho ya namna hiyo?

Sasa lililonikaba. Jumatatu uliponipigia ukishangilia, ukaniambia mmemruhusu muuzaji wenu apeleke gesi yenu hospitali nyingine kwa kuwa mdogo wako amewaokoa, mimi nilikuwa nimeshajua siku mbili nzima. Nikakupongeza. Niliogopa kibarua kuota nyasi. Zile simu tatu za jana zilizokatika ni zangu. Nikisikia sauti yako nashindwa.

Barua hii nimempa dereva wa lori akukabidhi mkononi kabla hajashusha kitu. Dada, yote ni mitupu. Usimuunganishie mgonjwa hata mtungi mmoja. Mkimbilieni muuzaji wenu sasa hivi. Waandishi wa habari watakuwa hapo nje wakingoja picha: wafungulie valvu wajionee, kisha wasomee barua hii yote, na jina langu usilifiche.

Nisalimie wote nyumbani, na mama mwambie wewe kabla hajasikia redioni.

Mdogo wako,
Kasuku