Mbuzi kwenye Ukuta wa Jikoni

Baba Paluku, mume wangu uliyenitangulia,

Masika, mujukuu wako, njo anaandika. Mimi niko nasema. Weye na mimi hatukukalia benchi ya shule hata siku moja, donc tafuta padri wetu wa zamani, naye iko kwenu kule, akusomee. Mwambie asiruke matusi.

Nimechora nyumba yetu ya kijijini kule Beni. Usicheke. Ukuta wa jikoni hapa Vulamba, Butembo, ulikuwa umepasuka-pasuka, nikaukandika udongo, na ulipokauka nikaona umenyamaza sana. Nikachukua udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa ya kusaga, nikapaka kwa kidole. Nilianza na mulango. Kisha mikeka ya kakao pale inje, na ile harufu yake uliyokuwa unaisifu kuliko mboga yangu. Kisha kitanda chetu, kile ulichotengeneza kwa mbao mbichi kikajikunja, tukawa tunaangukiana katikati kila tukilala. "Fundi ni mimi," ulisema, "nilitaka ikuwe hivyo." Muongo weye!

Mutoto wako Paluku alikuja na mufuko wa sima, ile saruji ya kujengea. "Mama, acha kuchafua ukuta. Nataka kukupakia sima, ikuwe nyumba ya batu."

"Sima yako peleka kwa choo. Baba yako iko mule ndani."

Akaangalia ukuta muda murefu. Akabeba mufuko wake, akaenda.

Nilimudanganya. Weye nilikuwa sijakuchora bado, sababu ya zile mbuzi. Ile asubuhi batu wa mapanga walipoingia kijijini, ulinitupia Masika mugongoni: "Kimbia! Mimi nafungua mbuzi." Mbuzi, Baba Paluku! Mbuzi unanunua kwenye soko la Musienene. Mume, sijaona akiuzwa. Miaka yote hii nimekulilia na kukutukana pamoja.

Na huyu Masika, uliyekuwa unamuita muke wako mudogo, ukiniambia nimupishe mukewenza wangu kwenye kiti, tangu siku ile alikuwa analala na viatu miguuni. Kila siku, tayari kukimbia. Tulimubembeleza, tulimukaripia, hapana. Juu ya ile nyumba hakusema kitu. Nikitaja jina lako, anatoka inje.

Juma lililopita alinikuta mimi koko yake na makaa mukononi. Akakaa.

"Koko, mbuzi ziko wapi?"

"Mbuzi hapana."

"Koko! Ile ya pembe moja, babu alikuwaka anaisalimia kabla ya kukusalimia weye!"

Akaninyang'anya makaa. Akachora ile ya pembe moja, akachora ingine inakula kakao, akakuchora weye umeshika kamba, mudomo wazi, unaisalimia. Tumbo akakupa kubwa kuliko mulango. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akalia. Nikamuacha alie vizuri, kisha nikamupa bugali na maharage, akamaliza yote.

Nimekaa mbele ya ule ukuta, nimefikiri. Mutu anayeamka kila siku kusalimia mbuzi, angeziacha namna gani zimefungwa kamba? Bado nasema ulikuwa mujinga. Mais njo ule mujinga niliyekubali kuolewa naye, na hakuna mwingine niliyemutaka.

Leo asubuhi, nikienda kuwasha moto, nilikanyaga kitu kando ya mulango. Viatu vya mukewenza wangu, vimepangwa. Mwenyewe alikuwa analala, miguu inje ya blanketi, nyayo pana kama zako. Anaona haya kuandika hii. Nimesema andika.

Hapa tuko muzuri. Baridi ya Butembo inauma, mais jikoni kuna moto, na weye uko pale ukutani na tumbo lako. Salimia mbuzi.

Ni sisi bake bako: muke mukubwa aliyesema, muke mudogo aliyeandika.