Marehemu Kabatini

Shoga Parinem, homa imekukosesha mambo! Bado nacheka, Mungu anisamehe.

Leo si ndiyo dua ya siku elfu tangu marehemu mume wangu atutoke, ile ya mwisho? Nikataka wageni wamwone uso kwenye video ya harusi ya binti yetu Lestari.

Mkwe wangu Suseno kawasha projekta. Picha kubwa kuliko shuka tuliyotundika ukutani! Maharusi wako katikati, lakini upande aliokaa marehemu umemwagikia kwenye kabati jeusi la pembeni. Haonekani!

Jirani yetu Wagirah huyo: "Mama Lestari, mume umemficha kabatini?"

Watu wakacheka. Mimi machozi yananilenga.

Suseno akainamisha mashine, vichwa vya maharusi vikakatika. Nikamwambia, "Mwanangu, isogeze karibu na ukuta, picha ipungue."

Akasogeza. Kingo zote zikaingia kwenye shuka.

Na marehemu huyo hapo!

Shoga, anakula klepon! Zile keki za mchele zinazopasuka sukari mdomoni! Mashavu yamejaa pande zote! Mwenye kisukari, aliyeniapia siku ile ile ya harusi, "Wallahi mke wangu, kitamu sijagusa." Kwenye simu picha ilikuwa ndogo, sikuwahi kuona.

Anakula klepon, Parinem!

Wagirah: "Mrudisheni kabatini, mwongo huyo!" Hata imamu kafunika mdomo.

Suseno kaona aibu. "Mama, nizime?"

"Thubutu! Iache hapo hapo."

Nikachukua klepon sahanini, nikala nikimtazama. Mara ya kwanza tunakula pamoja tangu aondoke.

Zako nimekuwekea.