Malalamiko Juu Yako, Muzee Anselme

Muzee,

Nimepewa kazi ya kukuandikia. Sikuiomba. Komite ya kikundi chetu cha programu ilikaa, wakatazamana, kisha wote wakanigeuzia macho, ndiyo kawaida yao kazi ikiwa chungu. Katika ile charte yetu ya heshima, hizo kanuni za kikundi, kuna kifungu kimoja tu ulichokiandika wewe mwenyewe: mutu akilalamikiwa, aandikiwe kwanza, aelezwe amefanya nini, apewe wiki moja ya kujibu kabla watu hawajaamua. Vifungu vingine ulivisaini bila kuvisoma, ukisema heshima haiandikwi. Lakini hicho ulikipigania, kwa sababu wewe mwenyewe ulifukuzwa chuoni bila kusikilizwa. Basi kimekufikia. Umelalamikiwa.

Najua ungecheka. Ungevua miwani, uipanguse kwa pindo la shati, uniulize kama kweli tumekosa kazi. Kazi tunayo, Muzee. Kazi ni nyingi, watu ni wachache, na mimi nimechoka mpaka usingizi wenyewe haunisaidii. Siku ile ile ya kikao tulituma mistari mitatu mikavu kwa adresi yako ya zamani ya barua pepe, ili kifungu kiheshimiwe. Niliona haitoshi. Mutu aliyenifundisha kazi hawezi kupewa mistari mitatu. Leo wiki imekwisha. Komite iligawanyika katikati, na saini iliyobaki ilikuwa yangu.

Nikupe habari kwanza. Tangu tukuzike, vita viliingia ndani ya muji wetu wa Goma. Banki zilifungwa. Ndege hatuzisikii tena juu ya mabati. Nusu ya kikundi ilitawanyika, wengine Bukavu, wengine Kampala, wanatuandikia wakipata nafasi. Atelye yako ya kutengeneza simu hapa Katoyi ingali wazi, nafungua mimi, nafunga mimi. Bado kuna wateja wanaouliza Muzee anarudi lini. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi nawaambia tu waniachie simu yao.

Na programu yako inaishi. Ile uliyoianzisha ili kituo cha afya kijue dawa gani inabaki na gani inakwisha, bila interneti, mashini moja na betri ya jua. Iko Rutshuru, iko Masisi, iko hata kule ambako sisi wenyewe hatufiki tena. Ingali huria kama ulivyotaka: kila mutu anaweza kuifungua, kuisoma ndani, kuirekebisha na kututumia alichorekebisha. Haina mwenyewe.

Sasa neno lenyewe.

Wakati kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilikuwa imejaa, kuna mutu alitutumia marekebisho yake ya kwanza. Jina hakuweka, aliweka herufi mbili tu. Alijitambulisha kwa adabu, akasema ametoka Masisi, yuko kambini, programu inahesabu vibaya dawa za watoto, na yeye amejaribu kuitengeneza kwa simu. Kazi haikuwa nzuri, hilo nakubali. Ilitengeneza pale, ikaharibu kwingine. Wewe ulimujibu mbele ya watu wote, mahali ambapo kila tunachoandikiana kinabaki na yeyote anaweza kukisoma. Ulimuandikia hivi: "Rudi kuchunga ng'ombe. Hapa hakuna maziwa."

Kikundi kilicheka wiki nzima. Neno likawa letu. Mutu akikosea, hapa hakuna maziwa. Umeme ukikatika, hapa hakuna maziwa. Siku ya kilio chako, Dieumerci, yule mwanafunzi wako wa kwanza, alilisema mbele ya jeneza huku machozi yanamutoka, na watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Baadaye, kwa kukukumbuka, alilitia ndani ya programu. Sasa programu ikishindwa kufanya jambo, haiandiki tena kwamba kuna kosa. Inaandika kwa nyekundu: Hapa hakuna maziwa. Tuliona ni vizuri. Tulisema Muzee bado anatugombeza.

Hebu fikiri lakini. Infirmière, muuguzi wa kituo, yuko kule Masisi, kwao ng'ombe zilikwisha kuchukuliwa zote, mbele yake kuna mama ameshika mutoto mwenye homa, anaitafuta dawa kwenye mashini, na mashini inamujibu vile. Wewe unajua neno ng'ombe, na maziwa yake, linabeba nini katika muji huu. Ulijua hata wakati ule, usinidanganye. Kuna watu wanaambiwa si wa hapa, warudi kwao na ng'ombe zao, nao wamezaliwa hapa hapa, mama zao wamezaliwa hapa. Ni neno linalotangulia panga. Wewe ulikuwa unatania, ndiyo, lakini huyo anayelisoma peke yake hakuoni ukitabasamu.

Aliyeleta malalamiko ni Espérance. Wewe hukumujua, alikuja baada yako. Ni infirmière hapa Keshero, mwanamuke mutulivu, mwenye kuongea kidogo. Kwetu anasahihisha kazi za wageni wanaotutumia marekebisho, na ana namna yake: kwanza anamusalimia mutu, anamuuliza habari za nyumbani, anamuambia ni kitu gani amefanya vizuri, ndipo anafika kwenye kosa. Dieumerci anamuchekea, anasema kosa la mustari mumoja linamaliza nusu siku kwa salamu. Lakini wageni wanaosahihishwa na Espérance wanarudi. Wale uliowasahihisha wewe, wengi wao hatukuwaona tena.

Siku ya kikao kile tulikuwa nyumbani kwa Dieumerci, tunatayarisha toleo jipya. Espérance akasema kuna rafiki yake wa Masisi amemupigia simu, ameuliza kwa nini programu yetu inawatukana, na yeye anaomba neno lile litolewe. Dieumerci alicheka, akasema Muzee hata akifa hanyamazishwi. Wengine wakadakia, kila mumoja na kisa chake juu yako, yule uliyemuita mujinga, yule uliyemutupia waya. Espérance alingoja wamalize. Hakupandisha sauti.

"Yule mutu wa kambini ni mimi."

Muzee, chai ilipoa kwenye vikombe. Alituambia alisoma jibu lako akiwa chini ya hema, watoto wa dada yake wamelala miguuni pake. Alizima simu, hakugusa tena mambo ya programu majira yote yale ya mvua. Nikamuuliza, basi ulirudi kwa nini, na lini. Akanitazama kwa huruma, kwa sababu anajua nilivyokupenda. Akasema alirudi aliposikia umekufa.

Hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka sasa. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa chini kwenye sakafu ya atelye, siwezi hata kufunga mulango. Na yeye siku ile ile aliona mulango umefunguka.

Anachoomba si kikubwa. Neno litoke kwenye programu. Na chini ya jibu lako la zamani, pale pale linaposomwa, kikundi kiandike kwamba lilivunja heshima, kama tungemuandikia mutu mwingine yeyote. La sivyo yeye anaondoka. Hakututisha, alisema tu amechoka kufanya kazi chini ya neno lile. Na akiondoka, toleo jipya halitoki, kwa maana sehemu ya dawa za watoto ni yeye anayeielewa, na vituo vitaendelea na ile ya zamani yenye kudanganya.

Dieumerci alikasirika sana. Anasema maiti hashitakiwi. Anasema kumusumbua mutu kaburini kunaleta mikosi, na kwamba tutakuchafulia jina kwa sababu ya utani wa zamani. Simucheki. Anakulilia kwa namna yake. Mimi nilikuwa katikati yao, kila mumoja ananivuta mukono, na katika yote nilitamani tu kwenda nyumbani nikalale.

Kwa sababu mimi nakujua, Muzee. Mwaka ule volkano ilipotoka, uliacha godoro lako ndani, ukapakia mashini za kikundi kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ukaisukuma mpaka Sake, mimi nyuma nashikilia kamba. Ulianguka kwenye mawe, goti likachanika, ukasema tuendelee, hivi ni vitu vya watu. Uliwafundisha watoto wa Katoyi bila kumuuliza yeyote baba yake ni nani. Nani ataniambia mutu huyo alikuwa mubaya? Mimi pia ulinitukana. Uliniita sufuria tupu mbele ya wateja. Nilicheka, kwa sababu kesho yake ulikaa karibu nami ukanieleza upya, pole pole, mpaka nikaelewa. Espérance hakupata hiyo kesho yake.

Habari ilifika kwa Mama Solange kabla yangu. Hapa Katoyi huwezi kuficha hata kikohozi. Nilijisemea muke wako atanifukuza, na atakuwa na haki, sisi tuliokula ugali wake na sombe yake miaka yote, leo tunamuhukumu mume wake. Nilienda Jumapili baada ya misa. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilimueleza yote, tangu kambini mpaka kwenye kikao. Nikamuambia Mama, wewe ndiye mwenye jina hili sasa, ukikataa mimi sisaini. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa.

"Mulitoe. Hata sisi hapa nyumbani alitusemea vile. Sisi hatukuwa na charte."

Akaendelea kuchambua. Nilivuta kigoda, nikachambua naye mpaka ungo ukaisha, na hakuna aliyekutaja tena.

Sikujua, Muzee. Kwako nilikuwa nafika mulangoni, napewa chai, naondoka. Kutoka pale nilikukasirikia njia nzima, natembea peke yangu nakugombeza kwa sauti, mutu wa moto, yule wa pikipiki, akasimama kuniuliza kama niko salama. Nilikuwa nimezoea kukulilia. Kukukasirikia sikuwa nimezoea, na inachosha kuliko kilio, kwa sababu mutu mwenyewe hayuko umuambie.

Jana Dieumerci alinipa wazo. Alisema niandike samahani kwa jina lako, mistari miwili, kwa sababu naijua namna yako ya kuandika, hakuna atakayetambua. Espérance atatulia, wewe utabaki musafi, na sote tutapumzika. Nilifikiri, nakuambia kweli. Nilishika hata simu. Kisha nikaona siwezi. Labda ungemuomba samahani. Nataka kuamini ungemuendea wewe mwenyewe pale Keshero, na mikate chini ya kwapa, ukaanza kumufundisha kabla hujakaa. Labda ungecheka na kumuambia mara ya pili. Sijui, na hakuna tena wa kunijulisha. Samahani ambayo hukuitoa siwezi kukutolea.

Kila asubuhi ya wiki hii nilifungua barua pepe nitazame kama kuna jibu lako. Mujinga mimi, najua. Kulikuwa na matangazo ya watu wa simu tu.

Basi sikiliza tulivyoamua. Neno limetoka. Chini ya jibu lako tumeandika kwamba lilimutukana mutu aliyekuja kwa adabu, kwamba lilivunja charte, na kwamba kikundi kilikosea kulicheka. Jibu lenyewe hatukulifuta, Espérance alikataa. Alisema likifutwa, watu watamuona yeye ndiye mwongo. Jina lako linabaki juu pale, mwanzilishi, hakuna aliyeligusa wala hataligusa. Na pale penye nyekundu Espérance ameandika maneno yake: Kuna kosa. Si wewe uliyekosea. Jaribu tena. Dieumerci aliyasoma, akasema ni marefu sana kwa kioo kidogo. Kisha akakaa, akapunguza ukubwa wa herufi ili yaenee.

Sina furaha, Muzee. Nilifikiri nikimaliza nitasikia kitu, hata wepesi kidogo. Nasikia tu mugongo unauma. Kesho kuna simu za watu za kutengeneza, na vituo vinangoja toleo.

Nakuahidi jambo moja. Nami nimeandika mengi pale, mengine kwa hasira, na yote yanabaki. Siku nitakapokuja kulala upande wako, wayafungue. Nimekwisha kuwaambia: wasiangalie kilio, wasiniogope, wamusikilize atakayelalamika.

Mama Solange anakusalimia. Sikumuuliza kama anasema kweli.

Lala, mwalimu wangu. Nilikupenda, na nimesaini.

Furaha
Katoyi, Goma